Faili Lisilo na Kichwa

Memori kadi ilikuwa chini ya ulimi, na ulimi ulikuwa umekauka.

Komeo hakukimbia. Anayekimbia mchana kweupe huitiwa mwizi, na anayeitiwa mwizi hapewi nafasi ya kujieleza. Alitembea upesi kama mtu aliyechelewa benki, begi la laptopu likimgonga kiunoni, bastola yake ya Glock 19 ikimchoma mgongoni chini ya koti. Nyuma yake, wanaume wawili walioshuka kwenye Probox nyeupe nao walitembea kama watu waliochelewa benki ileile.

Alikata kona. Wakakata.

Alisimama kutazama viatu dirishani. Wakasimama.

Mungu wangu, alisema moyoni. Leo ndiyo leo.

Tuseme ukweli kuhusu Komeo, maana Idara ya ujasusi anakofanya kazi haijawahi kuusema. Alikuwa mwoga. Alikagua mlango wa nyumba yake kabla ya kulala, akaamka kuukagua tena. Ndiyo maana walimbandika jina hilo. Wenzake walimcheka sana, ila wale mashujaa miongoni mwao walikuwa wamekwisha kuzikwa kwa heshima zote, na Komeo ndiye aliyesaidia kubeba majeneza. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Lakini hofu ya leo haikuwa ya ngozi yake peke yake.

Ilikuwa ya Filimbi.

Filimbi alikuwa shemeji yake, kitinda mimba wa kwao mkewe, fundi wa mitambo ya simu katika kampuni ya kusafirisha mizigo. Dada zake ndio waliompa jina hilo, kwa ajili ya sauti yake nyembamba: akiita mtu kutoka jikoni, mbwa wa jirani huinuka. Na Komeo ndiye aliyemwingiza katika kazi hii. "Utarekodi simu chache tu za mabosi wako, shemeji. Haina hatari." Mchana huu alikuta kadi mahali walipokubaliana, nyuma ya swichi ya taa katika choo cha wageni cha kampuni ile. Alipokuwa akitoka, alimsikia dada wa mapokezi akimnong'oneza mwenzake kwamba fundi wa simu kachukuliwa na wanaume wawili tangu asubuhi, na koti lake bado liko kitini.

Miguu ya Komeo ilitaka kukaa chini palepale. Aliikatalia.

Sasa alijitosa katika jengo la mafundi simu, akapenya katikati ya vibanda vilivyojaa vioo vilivyopasuka na harufu ya risasi ya kulehemia, akapanda ngazi mbili mbili. Ghorofa ya pili kulikuwa na stesheneri yenye foleni ya watu waliokuja kutoa fotokopi. Aliingia, akachagua meza ya pembeni nyuma ya mashine kubwa, pale ambapo mtu akichungulia mlangoni haoni kitu.

Alitema kadi kiganjani. Akatoa Nokia ndogo yenye namba moja tu.

"Komeo hapa."

"Sema, mwanangu."

Shangazi. Hakuna mtu kitengoni aliyejua jina lake jingine, wala aliyethubutu kuuliza. Ndiye aliyemwajiri Komeo, akamfundisha kila kitu. Sauti yake ilikuwa ya taratibu na ya upole, na Komeo aliposikia neno "mwanangu" mabega yake yalishuka kidogo.

"Kadi ninayo. Fundi amechukuliwa. Wawili wako nyuma yangu."

"Uko wapi?"

"Jengo la mafundi simu. Ghorofa ya pili, stesheneri."

"Umeifungua?"

"Bado."

"Usiifungue. Nakutumia gari. Likifika nitakuarifu, nawe upande. Usiulize maswali."

"Na fundi?"

"Kwanza kadi, mwanangu."

Simu ikakatika.

Amri ni amri. Lakini kama simu alizonasa Filimbi zilikuwa na neno moja kuhusu wanakompeleka, neno hilo lilikuwa ndani ya kadi, na gari lilikuwa bado njiani. Komeo alichomeka laptopu yake ya ThinkPad ukutani, akavaa hedifoni, akaingiza kadi.

Faili lilikuwa moja. Mwisho wa jina lake herufi tatu: vox.

Alilibofya kwa pupa, naye mwenyewe akajikaripia. Programu ya muziki ikajibu kwamba haiwezi kulifungua. Bila shaka haiwezi. Mafaili haya hutoka katika mitambo ya kurekodi simu, na tofauti na nyimbo tulizozizoea, hayana kichwa. Faili la kawaida hujitambulisha mwanzoni kabisa: mimi ni wa aina fulani, nichezwe kwa kasi fulani. Hili halisemi. Limejaa sauti tu, bila maelezo. Wewe ndiwe wa kuliambia lilivyo, na ukilidanganya, litakubali.

Alifungua Audacity, programu ya kuhariri sauti. Akachagua kuingiza data ghafi. Kwa haraka akabofya aina isiyo yake, na hedifoni zikamlipukia masikioni mshindo kama mafuta ya moto yaliyomwagiwa maji.

Aliruka kitini. Mama mmoja kwenye foleni alimgeukia.

"Kaka, u mzima?"

"Mzima, mama. Ni jino."

Akarudia. Aina: VOX. Njia: moja. Kasi: sampuli elfu sita za sauti kwa sekunde.

Elfu sita ilikuwa sheria ya kitengo. Shangazi mwenyewe ndiye aliyemwekea, siku ile walipoletewa faili la kwanza. "Haya hayana kichwa, mwanangu, usihangaike nayo. Wewe yape elfu sita." Na kwa elfu sita ndipo mwaka mzima uliopita walipomsikia yule waliyemwita Besi: mkubwa wa magendo ya silaha, sauti nzito, maneno ya polepole kama mtu aliyeshiba akaegemea. Kitengo kizima kilikuwa kikimsaka mzee mnene mwenye koo pana. Walimfuata dalali wa mnada. Walimfuata mwimba kwaya. Hawakuambulia kitu.

Komeo alibofya kitufe cha kucheza.

"Shemeji," ilisema sauti ya Besi. "Ni mimi."

Nywele zilimsimama kisogoni.

Besi anamwita shemeji. Besi anamjua. Besi ni mtu wa ukweni! Katika sekunde ile aliwapitisha wakwe zake wote mbele ya macho, wajomba wote, na yule binamu muuza magodoro ambaye hakuwahi kumpenda.

"Usimwambie dada," iliendelea ile sauti nzito, polepole. "Atapiga kelele mpaka presha ipande. Napiga kupitia mtambo uleule ili sauti yangu ikae mwanzoni mwa faili lao. Nimewasikia, wamejua kuna mtu anarekodi. Nikitoroka watapekua kila mahali na kadi wataikuta. Kwa hiyo asubuhi naingia kazini kama kawaida. Fanya upesi, shemeji. Naogopa."

Komeo alisimamisha sauti.

Huyu si Besi. Huyu ni Filimbi.

Filimbi, ambaye akiongea mbwa huinuka, amekuwa na koo la mzee mnene. Na kama elfu sita inaweza kumfanya hivyo Filimbi, basi inaweza kumfanya hivyo mtu yeyote. Hapakuwahi kuwa na Besi. Kulikuwa na mtu fulani aliyechezwa polepole mno.

Alifuta. Akaingiza faili upya. Aina ileile, njia ileile. Kasi akaandika elfu nane.

"Shemeji, ni mimi!" Filimbi akapiga mluzi wake masikioni, mwembamba, wa haraka, hai kabisa. Macho ya Komeo yalijaa machozi, akayafuta kwa mkono wa koti. Kisha ule ujumbe ukaisha, na ikaanza simu iliyorekodiwa jana. Mtu mmoja alijibu kama msimamizi wa ghala. Mwingine alikuwa yule waliyemwita Besi.

Sasa hakuwa Besi.

"Makasha ya vigae yatoke kesho jioni," alisema mwanamke, taratibu, kwa upole. "Bunduki zikae chini, vigae juu, kama kawaida. Halafu kuna sikio kwenye mitambo yenu. Vijana wangu wawili wa Probox watakuletea fundi wa simu asubuhi, na baadaye watakuletea mtu wangu mmoja. Wakishafika wote, waambie waingie wapumzike. Kisha funga mlango wa chuma."

"Na hao vijana wako, Mama?"

"Nao pia. Wamenisikia mno. Choma ghala. Umenielewa, mwanangu?"

Komeo alivua hedifoni polepole, akaziweka mezani kwa uangalifu wa mtu anayeweka yai.

Mwaka mzima alikuwa akimvisha Shangazi ndevu. Kwa vidole hivi hivi. Alimpa ndevu, na koo, na unene, akawatuma wenzake wakasake dalali wa mnada, naye Shangazi akipita koridoni akimgusa bega: "Kazi nzuri, mwanangu."

Na alikuwa amemwambia aliko. Ghorofa ya pili, stesheneri.

Nokia ikatetemeka mezani. Ujumbe.

*Probox nyeupe. Mlango wa mbele. Panda.*

Alitazama dirishani. Ilikuwa pale chini, injini ikiunguruma. Mmoja kwenye usukani. Mwingine, mrefu, ameegemea mlango akitafuna kijiti.

Kulikuwa na ngazi za nyuma, mafundi wote walizitumia. Komeo aliziona, zikamwita kwa jina. Angeshuka, angejichanganya na watu, jioni angekuwa nyumbani amefunga makomeo yote. Lakini Shangazi akisikia kadi haikufika, Filimbi hatamaliza saa moja. Na ghala liko wapi? Faili halikusema. Dunia nzima ya watu walioijua njia yake na ambao Komeo aliweza kuwafikia ilikuwa ndani ya gari lile.

Alifanya kazi huku meno yakigongana. Alikata ujumbe wa Filimbi mwanzoni, akatoa nakala ya MP3 ya simu ile, akainakili kwenye flashi, akaituma kwa Mkurugenzi, mtu aliye juu ya Shangazi na asiyejibu ujumbe kwa zaidi ya maneno mawili. Akaongeza: *Besi ni Shangazi. Mafaili ya zamani yachezwe kwa elfu nane. Fuata kiatu changu.* Kisha akabonyeza kisigino cha kulia mpaka kikalia tiki. Kifuatilizi kilichofichwa ndani kikaamka.

Simu yake ya pili, ya mambo ya nyumbani, ikaita. Mkewe.

"Baba watoto, mdogo wangu hapokei simu tangu asubuhi."

"Yuko kazini."

"Nimepiga kazini. Wananizungusha. Wewe una nini, mbona unahema?"

"Napanda ngazi."

"Kitu kimempata. Najua. Nenda kamtazame, tafadhali."

"Nitarudi naye," alisema, akakata kabla sauti haijamsaliti.

Akashuka. Kila ngazi aliomba isiwe ya mwisho, na ngazi, kama ngazi zote, zikaisha.

"Mama amesema nipande," alimwambia yule mrefu.

Mrefu alicheka kwa kijiti mdomoni. "Tazama. Tumemkimbiza mji mzima, kumbe anakuja mwenyewe." Akampapasa, akachukua Glock, akachukua simu zote mbili, akamsukuma kiti cha nyuma na kukaa naye, bastola yake mwenyewe mbavuni mwa Komeo. "Kadi?"

"Hii hapa."

"Twende," Mrefu alimwambia dereva.

Gari likaondoka. Jasho lilimtiririka Komeo mpaka ndani ya soksi.

"Ndugu zangu," alisema. "Kuna jambo Mama amesema juu yenu. Ninalo hapa kwenye flashi. Sikilizeni kwenye redio ya gari, kisha mnifanye mnavyotaka."

"Nyamaza."

"Amesema mmemsikia mno."

Dereva alimtazama kwenye kioo. "Weka tusikie. Safari yenyewe ndefu."

Komeo akampa flashi, dereva akaichomeka. Redio ikawaza. Ikazunguka. Ikaandika kwamba hakuna wimbo wa kucheza.

"Unatuchezea," alisema Mrefu, na mdomo wa bastola ukazama zaidi.

"Ngoja! Ngoja, kaka. Kosa langu. Redio za magari zimezoea muziki. Zinataka kasi ya muziki, elfu arobaini na nne na mia moja. Mimi nimeiacha kwenye elfu nane. Niruhusu nifungue laptopu, ni kazi ya dakika tu."

"Mwache," alisema dereva. "Mikono yake nitaiona."

Akafungua ThinkPad magotini. Gari liliingia shimo, kishale kikaruka kutoka kona moja ya kioo hadi nyingine. Akaona mahali pa kasi, akabadilisha namba, akatoa nakala, akakabidhi flashi.

Redio ikapokea. Na kutoka spika zote nne kikalia kitu kama vifaranga waliokanyagwa.

Dereva aliangua kicheko. Mrefu hakucheka. Alifungua kizuizi cha usalama cha bastola, na Komeo akausikia mlio ule mdogo kwa mwili mzima.

Mjinga wewe, alijilaani. Umebadilisha lebo, hukubadilisha sauti! Kubandika namba mpya juu ya sauti ya zamani ni kuikimbiza tu. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Sauti yenyewe ilipaswa kupimwa upya, sampuli kwa sampuli, ndipo ipewe namba.

"Mara ya mwisho," alisema. "Wallahi. Ikikataa, piga."

Alirudisha elfu nane. Safari hii akachagua amri iliyo sahihi, akasubiri mstari wa kijani utambae hadi mwisho. Hakuwahi kuona kitu kinachotambaa polepole kiasi kile. Akatoa nakala. Akatoa flashi. Ikamponyoka, ikaanguka miguuni, akaiokota.

Redio ikawaza.

"Makasha ya vigae yatoke kesho jioni," alisema Shangazi, wazi kabisa, kama aliyekaa nao garini.

Barabara ilipita. Sauti ilifika kwa wale vijana wawili, ikafika kwenye mlango wa chuma, ikafika kwenye moto. Dereva alipunguza mwendo bila kujua.

"Hiyo umeitengeneza," alisema Mrefu hatimaye. Kijiti kilikuwa kimemdondoka. "Siku hizi sauti zinatengenezwa. Mtoto wa dada yangu anatengeneza."

"Sawa. Msiniamini. Mkifika, mkiambiwa muingie mpumzike, ingieni."

Dereva aliongeza mwendo tena.

Ghala lilikuwa mwisho wa barabara ya vumbi, bati tupu, halina kibao. Lori la makasha ya vigae lilikuwa limegeuzwa tayari. Msimamizi alitoka akipangusa mikono kwenye suruali, mtu mwenye uso mwema, funguo zikining'inia shingoni. Kando ya ukuta, Komeo aliona madumu ya petroli yamepangwa, akatamani asingeyaona.

"Karibuni, karibuni," alisema msimamizi, akiinama dirishani. "Mmechoka, vijana. Mama kasema muingie mpumzike."

Dereva alimtazama Mrefu kwenye kioo.

Komeo alifumba macho. Hii ndiyo sehemu ambayo asingeweza kuisimulia baadaye, kwa sababu hakuiona. Alisikia mlango wa gari ukifunguliwa. Alisikia teke, na funguo zikianguka chini. Alisikia msimamizi akilia, "Mimi nimetumwa tu! Nimetumwa tu!" Na Mrefu, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa na mama yake mzazi: "Na sisi tulitumwa."

Alipofumbua, hakukuwa na mtu wa kumzuia.

Alikimbia. Safari hii alikimbia kweli. Mlango wa chuma ulikuwa wazi, ndani giza na vumbi la vigae, na kwenye kiti, amefungwa kwa waya wa simu, shingo imevimba na ina alama za vidole, Filimbi.

"Shemeji!"

Filimbi alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Alitikisa kichwa tu, akilia, na Komeo alilia naye huku akikata waya kwa kisu cha kalamu alichopewa na Idara na ambacho hakijawahi kukata kitu kingine isipokuwa maembe.

Ving'ora vilifika walipokuwa mlangoni. Mrefu na dereva waliweka silaha chini bila kuambiwa, wakajipanga ukutani, wakaonekana karibu kuridhika. Askari walipindua kasha la kwanza. Vigae. Walipindua la pili, na mitutu ikamwagika vumbini.

Komeo alichukua simu zake kwenye kiti cha gari. Nokia ilikuwa inaita.

"Umefika, mwanangu?" Sauti ya taratibu. "Umeifungua kadi?"

Alishika mlango wa gari ili asianguke.

"Nimeifungua, Shangazi. Kwa elfu nane."

Kwa mbali, upande wake, mlango uligongwa, viatu vingi vikaingia, na sauti ya mwanamume ikasema maneno mawili tu: "Simama, mama."

Laini ikakatika. Komeo aliirusha Nokia kwenye ndoo ya taka, akakung'uta koti, akamshika shemeji yake mkono, wakaondoka kwa miguu kupita katikati ya askari. Ukimtazama kwa mbali ungesema yule ni mtu asiyejua hofu ni nini. Ungekuwa umekosea, lakini hakuna aliyetazama kwa karibu.

Barabarani, simu ya nyumbani iliita.

"Umempata?" mkewe aliuliza kabla ya salamu.

Komeo alimpa Filimbi simu. Filimbi alijaribu mara mbili. Mara ya tatu kikatoka kitu kutoka koo lililokabwa, kizito, cha polepole, cha mzee mnene.

"Dada. Ni mimi."

"Wewe nani?" Mkewe alipiga ukelele hata Komeo akausikia. "Mmemfanya nini mdogo wangu? Nipe mdogo wangu! Huyo si yeye, hiyo sauti si yake!"

Komeo aliichukua simu. Mwaka mzima aliamini sauti kama ile bila kuuliza, na huyu mkewe, asiyejua sampuli wala kasi, alikuwa ameikataa kwa maneno matatu tu.

"Ni yeye, mama watoto," alisema. "Ameumizwa koo, ila ni mzima. Chemsha maji. Itamrudia."

Upande wa pili, mkewe alianza kulia. Filimbi alisogeza mdomo karibu na simu, akaweka ulimi nyuma ya meno, na badala ya kuongea akapiga mluzi: mwembamba, mkali, wa jikoni.

Mahali fulani nyuma ya ukuta, mbwa akabweka.